Kabla Tairi Halijatoka Nje ya Fenda

Ukipita Mtaa wa Shaurimoyo, Ilala, jijini Dar es Salaam, utaziona zimetandazwa mezani pamoja na makava ya viti, vishikio vya simu na manukato ya gari: vipande vya duara vya alumini, vyeusi na vyekundu, vimefungwa viwili viwili ndani ya nailoni. Nairobi utazikuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Wauzaji na mafundi wanaziita spesa. Kazi yake ni kukaa kati ya habu na rimu na kulisukuma gurudumu nje, ili tairi lijae kwenye fenda na gari lionekane limesimama kibabe. Kijana mwenye Subaru anazitaka, na mwenye Prado anazitaka. Wapo pia wanaozihitaji kweli, kwa sababu wamenunua rimu pana au tairi kubwa na sasa linasugua shokapu kwa ndani.

Ninachogombana nacho ni ile meza. Kava la kiti likichanika, utakalia sponji tu. Spesa inakaa kwenye kiungo kinachobeba uzito wote wa gari, na anayeinunua kwa jicho la urembo mara nyingi huondoka bila kuulizwa hata swali moja kuhusu gari lake. Maswali hayo yapo, tena mengi, na yote yanatoka kwenye jambo moja ambalo madereva wengi hatujawahi kuelezwa: gurudumu linashikwa na nini?

Wengi huamini kwamba gari limekalia stadi, zile bolti zinazochomoza kwenye habu, na kwamba kazi ya nati ni kuzuia rimu isichomoke. Sivyo. Nati inapokazwa, stadi inavutika kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa kuwa chuma hutaka kurudi kwenye urefu wake, inaivuta rimu na kuibana dhidi ya uso wa habu. Mbano huo ndio unaozaa msuguano, na msuguano ndio unaobeba gari, unaolizuia ukikanyaga breki na unaolisukuma ukikanyaga mafuta. Toyota ndogo nyingi zinataka nati ikazwe kwa newtonimita 103. Kwa stadi ya milimita 12 yenye nyuzi safi na kavu, mkazo huo hutoa mbano wa takriban tani 4. Gurudumu la stadi tano, basi, limebanwa kwa zaidi ya tani 20. Gari lenyewe halifikii hata tani 2.

Mbano huo ukipungua, rimu huanza kucheza, pengine kwa upana mdogo kuliko unywele. Hapo stadi inapindwa huku na huku kwa kila mzunguko, kazi ambayo haikutengenezewa. Tairi la gari dogo huzunguka karibu mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, umbali wa kilomita mia moja na kidogo, stadi iliyolegea imepindwa zaidi ya mara 50,000. Huo ndio mwanzo wa ufa, na ndiyo sababu stadi ikikatika, zilizobaki hufuata upesi, maana mzigo wake umegawanywa kwazo.

Sasa chomeka spesa katikati ya mbano huo. Spesa nyembamba, za milimita 3, 5 hadi kama 10, ni sahani tupu zenye matundu. Huvishwa juu ya stadi zilezile za gari, kisha rimu hufuata na nati hufungwa kama kawaida. Nene zaidi, za milimita 20, 25, 30 na kuendelea, hufungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake za ndani, nazo zina stadi zake zinazopokea rimu. Kila aina ina hatari yake. Nyembamba inakula urefu wa stadi. Nene inaongeza kiungo cha pili: pale palipokuwa na nati tano za kuziangalia sasa zipo kumi, na tano kati ya hizo zimejificha nyuma ya rimu, huzioni mpaka gurudumu litoke.

Kwa nyembamba kipimo ni rahisi, na mwenye gari anaweza kukichukua mwenyewe. Nati inatakiwa ishike nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi ya milimita 12, nati ishike milimita 12. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi zina nyuzi zilizoachana milimita 1.5, kwa hiyo ukiizungusha nati kwa mkono tangu iliposhika hadi ilipoigusa rimu, uhesabu mizunguko 8 au zaidi. Subaru, Nissan na Suzuki nyingi zina nyuzi za karibu zaidi, milimita 1.25, na hapo mizunguko iwe kama 10. Ukihesabu mitano, spesa hiyo si ya gari lako mpaka stadi ndefu ziwekwe. Fundi akikwambia "inatosha, nitaikaza sana," mwambie aitoe. Kukaza sana nyuzi chache ni njia ya kuzing'oa.

Tofauti hiyo ya 1.5 na 1.25 inastahili tukae nayo kidogo, kwa maana barabara zetu zimejaa Toyota na Subaru, na kopo la nati pale gereji ni moja. Nati ya Toyota ukiiweka kwenye stadi ya Subaru itaingia. Itazunguka raha mzunguko mmoja, pengine miwili, kisha itagoma. Mkono unatambua ugomvi huo mara moja. Mashine ya upepo haitambui. Inasukuma, nati inapiga kelele, inafika mwisho, na kila mtu anaamini imekaza kumbe imekula nyuzi. Kwa hiyo kanuni yangu kwa fundi yeyote anayegusa magurudumu ya gari langu ni kwamba kila nati ianzishwe kwa vidole. Isipokubali kwa vidole, tunasimama na kuangalia kwa nini.

Ukubwa wa duara la stadi nao ni mtego. Mafundi huuita PCD. RAV4 na Harrier zina stadi tano kwenye duara la milimita 114.3, na Nissan, Honda na Mitsubishi nyingi zina duara hilohilo. Muuzaji akiona tano kwa 114.3 atakwambia "hizi zinaingia zote." Zinaingia, ndiyo. Lakini tundu la katikati, lile linalovaa mdomo wa habu, halilingani: Toyota hizo ni milimita 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1, Mitsubishi 67.1. Spesa yenye tundu la 67.1 ikivaa habu ya Toyota inaacha nafasi ya milimita 7. Kwenye magari makubwa tofauti inatisha zaidi. Prado na Mitsubishi Pajero zote zina stadi sita kwenye duara la 139.7, lakini tundu la Pajero ni la milimita 67 na la Prado ni 106. Spesa ya Pajero haitaingia kabisa kwenye Prado, hiyo ni salama yako. Ya Prado itaingia kwenye Pajero bila kugusa kitu katikati, ikielea karibu milimita 40.

Gurudumu lisilokaa katikati ni mtungi wa maji juu ya kata iliyoegemea upande: mbebaji anatembea, lakini kila hatua anapigana nao. Dereva atausikia mtetemo kwenye usukani akifika kilomita 80 au 90 kwa saa, ataenda kufanya balansi, mtetemo utabaki, atafanya alaimenti, utabaki, na huku nati zinalegezwa kidogo kidogo. Spesa nzuri hushika mdomo wa habu kwa ndani bila nafasi, na kwa nje ina mdomo wake mwenyewe wa kuikalisha rimu. Kwenye zile nyembamba mara nyingi mdomo huo wa nje haupo, na sahani ya milimita 5 inaweza kuumeza karibu mdomo wote wa habu, rimu ikabaki inategemea nati peke yake kuitafuta katikati.

Malighafi nayo haionekani kwa macho, ndiyo maana ni ngumu kuidai. Spesa za kuaminika hukerezwa kutoka alumini iliyofuliwa au iliyosindikwa, na watengenezaji makini huandika daraja lake, kama 6061-T6 au 7075-T6, pamoja na PCD, tundu na aina ya nyuzi. Alumini ya kumiminwa kwenye kalibu, yenye vijitundu ndani, hupasuka ghafla. Nawaheshimu mafundi wetu wa kerezo wa Gerezani, Dar es Salaam. Wameokoa mashine nyingi ambazo vipuri vyake havipatikani tena. Lakini spesa iliyokerezwa kutoka kipande cha chakavu ambacho hakuna anayejua kilikuwa nini zamani siwezi kuipendekeza kwa mtu ninayemjali.

Kuna mambo mengine ambayo hayana mjadala. Washa zilizopangwa moja moja kwenye kila stadi nyuma ya rimu, badala ya spesa, ni hatari tupu: rimu inagusa habu katika vidoa vitano tu, na kila kidoa kitadidimia. Spesa juu ya spesa, hapana. Na daladala, matatu, gari la shule au pikapu ya mizigo havifai kuvikwa spesa hata kama zimetengenezwa vizuri, kwa sababu gari linalojazwa kila siku kupita uzito wake halina akiba ya kuchezea.

Tuseme umepata spesa sahihi. Kufunga kwenyewe huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na sehemu ndefu zaidi ni ya usafi. Nimesimama gereji nikamtazama fundi mtu mzima akihangaika na habu ya Harrier ya kijana mmoja. Aliisugua kwa brashi ya waya, akapitisha msasa kuzunguka kila stadi, akafuta kwa kitambaa, akapitisha kidole, akasugua tena. Kuzunguka shina la stadi mbili kulikuwa na vigamba vya kutu ngumu kama ukoko. Kijana akauliza, "Fundi, si zitafunikwa tu?"

"Zitafunikwa, mdogo wangu. Halafu zitasagika." Akaikalisha spesa, akaibonyeza upande mmoja, upande wa pili ukanyanyuka kidogo. "Lete kidole. Umeisikia? Hapo hata ukikaza na winchi, baada ya wiki ile kutu imekuwa unga na nati imelegea."

Alivitoa vigamba vile kwa ncha ya patasi, na spesa ikakaa bila kucheza. Kisha akaijaribu rimu, na rimu ikagoma. Spesa zilikuwa za milimita 20, stadi za gari zilizidi urefu huo, zikawa zimechungulia upande wa pili kwa milimita chache. Baadhi ya rimu za alumini zina mifuko nyuma, kati ya tundu na tundu, inayopokea ncha hizo. Rimu hii haikuwa nayo. Kijana akapendekeza grainda. Fundi akakataa, akamwambia akabadilishe spesa achukue za milimita 30.

Alikuwa na haki, na sababu yake inafaa kuelezwa. Stadi ikikatwa imekatwa milele. Siku utakapochoka na spesa, au utakapozitoa ili uuze gari, rimu itarudi kwenye stadi fupi ambazo nati haizishiki ipasavyo. Kila mtu ataona gurudumu limefungwa, nati zote zipo, na hakuna atakayejua.

Kwenye kukaza, nyuzi ziwe safi na kavu. Kuna desturi ya kupaka grisi kwenye stadi ili nati isiote kutu. Inaeleweka, hasa kwa sisi wa pwani. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya spana huliwa na msuguano wa nyuzi na kikalio cha nati. Ukiuondoa msuguano huo kwa grisi, mkazo uleule unaivuta stadi kwa theluthi zaidi au kupita hapo, na stadi inaweza kuvutika isirudi tena. Kama unaogopa kutu, paka utando mwembamba wa grisi kwenye mdomo wa habu tu, pale spesa inapovaa, usiguse nyuzi wala nyuso zinazobanana.

Nati hukazwa kwa kuvuka, nyota, si kwa kufuatana. Kwanza zote ziguse, kisha nusu ya mkazo, kisha mkazo kamili kwa spana ya kupimia, ile inayotoa mlio ikifika. Kwa spesa nene, nati za ndani hupata mkazo wake kamili kwanza, na watengenezaji wengi hutaka tone la gundi ya nyuzi juu yake. Fuata karatasi yao. Mashine ya upepo ifungue, isimalizie. Kikalio cha nati pia kilingane na rimu: rimu nyingi za asili za alumini za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa, za Honda hutumia kikalio cha mviringo, na rimu nyingi za dukani hutaka nati ya koni. Nati ya koni kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu. Itakaza leo, kesho itakuwa imejichimbia na kulegea.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 gari lirudi, nati zipimwe tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoiombea zaidi. Nyuso mpya hukaa, rangi husagika, mbano hushuka hata kama fundi hakukosea chochote. Kwa spesa nene maana yake ni kutoa magurudumu yote ili zifikiwe zile za ndani. Usumbufu upo, naukubali. Asiyekuwa na nafasi ya kurudi gereji wiki hiyo, asifunge wiki hiyo. Baada ya hapo zipimwe tena kila gari linapopelekwa sevisi.

Wenye Volkswagen, BMW na Mercedes wana jambo lao. Magari mengi ya Kijerumani hayana stadi; hutumia bolti zinazoingia kutoka nje. Spesa ya milimita 15 inataka bolti zilizorefuka kwa milimita 15. Siku ya pancha, ukiweka spea bila spesa kwa bolti hizohizo ndefu, ncha zake zinaweza kupita ndani ya habu na kugonga vyuma vya breki. Bolti fupi za asili zikae kwenye buti, pamoja na jeki.

Kuna gharama ambayo hata ufungaji bora hauiondoi. Nyuma ya rimu huwa imegongwa namba kama ET45, ndiyo ofseti, kipimo cha uso wa kufungia kutoka mstari wa katikati ya rimu kwa milimita. Spesa ya 20 inaifanya 25. Mzigo umehama kutoka pale beringi ilipopangiwa kuubeba, usukani unakuwa mzito, na gurudumu moja likiingia kwenye shimo au dimbwi, linauvuta usukani kwa nguvu zaidi. Kwenye lami laini huenda usitambue kwa muda mrefu. Kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama tunazozijua, beringi na tairodi zitakwambia mapema. Kabla ya kuondoka gereji kata usukani mpaka mwisho pande zote, pakia watu nyuma, pita kwenye tuta, sikiliza kama fenda inaguswa. Na kama bado hujanunua, uliza kwanza bei ya rimu yenye ofseti inayokufaa. Tairi litatoka nje kwa upana uleule, bila kiungo cha ziada.

Nchi nyingine zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Ujerumani, kwa kawaida spesa huhitaji cheti cha kitaalamu, na ufungaji wake kukaguliwa na taasisi kama TÜV. Australia, mwongozo wa taifa wa kubadili magari, VSB 14, unazikataza isipokuwa kiwanda chenyewe kilipoziweka. Wala si kwamba viwanda haviziamini. Porsche imekuwa ikiziuza kwa magari yake yenyewe, zikiwa zimepimwa kwa gari husika na bolti zake. Kwetu, mwenye spesa aiambie kampuni yake ya bima kwa maandishi. Bima imejengwa juu ya kusema ukweli wa gari, na gurudumu lililohamishwa ni sehemu ya ukweli huo.

Anayenunua gari lililotumika naye aangalie. Liwe limetoka Japani mwezi huu au limepita mikono mitatu hapahapa, mulika tochi kati ya matawi ya rimu. Ukiona pete ya alumini nyuma yake, omba magurudumu yote manne yatolewe kabla hujatoa hela. Tazama kama spesa zina maandishi, kama nati za ndani zimekaza, kama ncha za stadi zina duara lake la kiwandani au zimekatwa bapa. Stadi iliyokatwa hubadilishwa kwa kuigonga itokee nyuma ya habu na kuvuta mpya kwa nati. Kwa baadhi ya magari lazima habu yenyewe itoke, na beringi ikitolewa kwa kupigwa, mara nyingi haifai kurudishwa. Hiyo ni kazi ya kutwa nzima na vipuri juu, na ikatwe kwenye bei mkiwa bado mnazungumza.